Namna ya Kutumia Kamusi za Sheria na Vitabu vya Rejea Kuelewa Maneno ya Kisheria

Neno la kisheria linalomponza mtu mara nyingi si lile la Kilatini. Ukikutana na *habeas corpus* unajua kabisa kwamba hujui, kwa hiyo unalitafuta. Linaloponza ni lile ulilolizoea tangu utotoni: mtu, mwezi, jengo, mtoto, familia, dhamana. Msomaji hulipita haraka, akatia saini, halafu siku ya shida akaambiwa kwamba katika karatasi ile neno hilo lilikuwa na maana yake ya pekee.

Kamusi ya sheria husaidia, lakini kwa utaratibu ni mlango wa tatu. Wa kwanza ni hati yenyewe unayoisoma, wa pili ni sheria ya kutafsiri sheria. Anayekimbilia kamusi moja kwa moja hupata maana safi kabisa, ila huenda ikawa ya hati nyingine, ya nchi nyingine, ya karne nyingine.

Kabla hujafungua kitabu

Chukua karatasi uandike mambo matano: sentensi nzima yenye neno hilo, aina ya hati, nchi inayohusika, tarehe ya hati, na lugha iliyoandikiwa kwanza. Inachukua dakika mbili, na bila hayo huwezi kuchagua kati ya maana nne au tano utakazokutana nazo mbele.

Kwa nini sentensi nzima? Chukua neno "hukumu". Mitaani tunasema fulani amehukumiwa miaka mitatu. Kisheria hukumu ni uamuzi wa mahakama pamoja na sababu zake. Ile miaka mitatu ni adhabu. Anayekata rufaa anaweza kupinga kutiwa hatiani, au adhabu peke yake, au vyote viwili. Ukiandika "hukumu" tupu kwenye daftari, baadaye huwezi kujua ulikuwa unatafuta kipi.

Nchi ni muhimu hata pale maneno yanapofanana herufi kwa herufi. Katika jimbo la New York, mahakama inayoitwa Mahakama ya Juu ni mahali kesi zinapoanzia. Ya mwisho kwa ngazi ni Mahakama ya Rufaa. Anayesoma uamuzi wa huko akidhani "Juu" ni juu kweli atauheshimu kupita kiasi. Uskoti nayo ina msamiati wake: mdai huko huitwa *pursuer*, na sheria ya madhara huitwa *delict*. Neno lolote kati ya hayo ukilitafuta katika kijikamusi cha England pekee, unaweza kutoka mikono mitupu.

Tarehe nayo haina mzaha. Katika sheria ya zamani ya Uingereza "mwezi" ulihesabiwa kuwa siku 28, mwezi wa mwandamo, isipokuwa hati yenyewe imesema tofauti. Bunge lilibadilisha jambo hilo kwa sheria zake lenyewe mwaka 1850, lakini kwa mikataba na wosia badiliko lilikuja mwaka 1925. Kwa hiyo mkataba wa 1910 na mkataba wa 1930, vyote vikisema "miezi sita", havikuwa vinahesabu siku zilezile.

Kuhusu lugha: kama unachosoma ni tafsiri, neno la kutafuta ni lile la hati ya asili. Kiswahili kinatumia "haki" kwa mambo mawili ambayo lugha nyingine huyatenga, yaani stahili ya mtu na uadilifu wa jumla. Sentensi kama "mahakama itazingatia haki" haikuambii ni ipi mpaka uone neno la asili. Uliza pia ni nakala ya lugha gani inayotawala. Kanada, matoleo ya Kiingereza na Kifaransa ya sheria za shirikisho yana nguvu sawa, hivyo husomwa pamoja. Kwenye mikataba, kifungu cha lugha inayotawala kwa kawaida kiko karibu na mwisho, kimejibanza kati ya vifungu vya "mengineyo" ambavyo hakuna anayevisoma.

Mlango wa kwanza: hati yenyewe

Sheria nyingi hufasili maneno yake katika kifungu cha kwanza au cha pili, chenye kichwa kama "Tafsiri" au "Fasili". Usikate tamaa usipokiona mwanzoni. Sheria za Uingereza zina tabia ya kuweka fasili karibu na mwisho, na nyingine huziweka kwenye jedwali. Katika mikataba angalia maneno yaliyoanza kwa herufi kubwa katikati ya sentensi: "Bidhaa", "Tarehe ya Kuanza", "Mkopaji". Herufi kubwa ni ishara kwamba neno limefasiliwa mahali fulani, na "Bidhaa" si lazima iwe "bidhaa".

Fasili ukiipata, isome polepole. Hapa ndipo makosa mengi hutokea.

Tazama kwanza kiungo kati ya neno na maelezo yake. "Maana yake ni" hufunga mlango: kilichotajwa ndicho hicho, kisichotajwa hakimo. "Inajumuisha" huuacha wazi: neno linabaki na maana yake ya kawaida, na vilivyotajwa vimeongezwa juu. Tuseme sheria inasema "chombo cha usafiri *maana yake ni* gari, pikipiki na trela". Baiskeli haimo. Ikisema "*kinajumuisha* trela", baiskeli inaweza kuingia kwa sababu kwa lugha ya kawaida ni chombo cha usafiri, na trela limetajwa tu ili lisibishaniwe.

Tazama eneo la fasili. "Katika Sehemu hii" haivuki Sehemu hiyo. Sheria moja inaweza kuwa na "mtoto" wa aina mbili, mmoja wa chini ya umri fulani kwenye Sehemu ya Tatu na mwingine kwenye Sehemu ya Saba, na mwandishi wa sheria hakukosea.

Juu ya orodha ya fasili karibu kila mara kuna maneno "isipokuwa muktadha utahitaji vinginevyo". Huo ndio upenyo ambao mawakili huutumia. Maana yake ni kwamba fasili ni ya kuanzia, na kama ukiipachika kwenye kifungu fulani inaleta kichekesho, mahakama inaweza kuiweka kando. Wewe usiitumie kama kisingizio cha kukwepa fasili usiyoipenda.

Fasili nyingine hukurusha kwingine: "ina maana iliyopewa katika Sheria ya Makampuni". Ifuate hadi huko, na uhakikishe unasoma toleo lenye marekebisho ya karibuni. Ukisoma nakala ya awali unaweza kutumia fasili iliyofutwa.

Hitilafu moja ya mikataba hukutwa mara kwa mara: neno lina herufi kubwa, lakini fasili yake haipo popote. Sababu kwa kawaida ni kunakili. Mtu amekata kifungu kutoka mkataba mwingine akakibandika, na fasili ikabaki kule kilikotoka. Hapo kamusi si dawa. Ulizia kabla ya kutia saini, na fasili iandikwe.

Mlango wa pili: sheria ya kutafsiri sheria

Nchi nyingi zilizofuata mfumo wa Uingereza zina sheria moja fupi inayofasili maneno yanayotumika katika sheria nyingine zote. Ya Uingereza ni ya mwaka 1978. Humo utakuta kwamba "mtu" ni pamoja na kampuni na hata kundi la watu lisilosajiliwa, kwamba umoja unabeba wingi na wingi unabeba umoja, kwamba neno la jinsia moja linabeba na nyingine, na kwamba mwezi ni mwezi wa kalenda. Fasili hizi hufanya kazi kimyakimya. Hakuna kinachokuelekeza kwake unaposoma sheria ya kodi au ya ardhi. Tafuta ya nchi inayohusika, uisome yote mara moja. Kwa kawaida haizidi usomaji wa jioni moja.

Hesabu ya muda ndiyo inayouma zaidi. Kanuni ya kawaida ni kutoihesabu siku ambayo tukio lilitokea. Ukipokea uamuzi tarehe 31 Januari na una siku 30, unaanza kuhesabu tarehe 1 Februari, na katika mwaka usio mrefu siku ya mwisho ni tarehe 2 Machi. Ukiwa na "mwezi mmoja", muda unakwisha tarehe 28 Februari. Siku mbili hizo zimekwisha kuua rufaa nyingi. "Siku saba wazi" nayo ni hesabu nyingine: haihesabiwi siku ya taarifa wala siku ya tukio. Mkutano ukiwa tarehe 20, taarifa ifike si baada ya tarehe 12, ili kati yake zibaki 13 hadi 19. Usichukue kanuni hizi kwa mazoea. Soma kifungu cha muda cha nchi husika na kanuni za mahakama husika.

Mlango wa tatu: kuchagua kamusi

Kamusi ya kawaida ya lugha inakupa matumizi ya watu wote. Ina kazi yake, kwa sababu neno lisilofasiliwa katika sheria husomwa kwa maana ya kawaida. Kamusi ya sheria inakupa maana ambayo wanasheria wamelipa neno hilo. Halafu kuna aina ya tatu ambayo wasomaji wengi hawaijui: kamusi ya maneno yaliyotafsiriwa na mahakama. Hii haitungi fasili; hukusanya majaji walivyoamua neno lina maana gani, kesi kwa kesi. Ya Stroud, iliyotoka kwanza mwaka 1890 nchini Uingereza, ni ya namna hiyo.

Kwa Marekani kamusi inayotajwa zaidi ni Black's Law Dictionary. Henry Campbell Black aliitoa mwaka 1891, toleo la pili likafuata 1910, na tangu toleo la saba la 1999 mhariri wake mkuu ni Bryan Garner. Mtego uko hapa: toleo la 1910 halina tena ulinzi wa hakimiliki, kwa hiyo ndilo lililojaa kwenye tovuti za bure. Unaandika neno, unapata fasili yenye jina linaloheshimika, kumbe imeandikwa kabla ya kuwepo sheria karibu zote za kisasa za kazi, za walaji na za data. Kwa neno la kihistoria ni hazina. Kwa mkataba wa leo ni hatari. Kabla ya kunakili chochote, tafuta mwaka wa toleo. Tovuti isipoutaja, chukulia ni la zamani. Ukitaka cha bure na cha kisasa kwa Marekani, Wex, kamusi ya sheria ya mtandaoni ya Legal Information Institute katika Chuo Kikuu cha Cornell, ni mahali pazuri pa kuanzia, ilimradi ukumbuke kuwa ni sheria ya Marekani.

Kuna njia ya haraka ya kupima umri wa kamusi ya Uingereza: tafuta *plaintiff*, yaani mdai. Aprili 1999 mahakama za madai za England na Wales zilianza kutumia kanuni mpya, na nafasi ya neno hilo ikachukuliwa na *claimant*. Kamusi inayolieleza bila kutaja badiliko hilo ni ya kabla, na ukiiona hivyo usiiamini kwa lolote linalohusu mwenendo wa kesi. Nje ya huko *plaintiff* lingali hai katika nchi nyingi, Marekani ikiwemo, kwa hiyo usilifute kichwani.

Kulipata neno ndani ya kamusi

Soma kurasa za mwanzo. Najua hakuna anayezisoma, lakini ndizo zinazoeleza vidahizo, yaani maneno yanayofasiliwa, vimepangwaje. Kuna mpango wa herufi kwa herufi, unaopuuza nafasi kati ya maneno, na mpango wa neno kwa neno. Katika mpango wa kwanza "hakimiliki" na "hakimu" hutangulia "haki ya njia", kwa kuwa *m* iko kabla ya *y*. Katika mpango wa pili "haki ya njia" hutangulia yote mawili, kwa kuwa "haki" peke yake ni neno fupi linalokuja kwanza. Kwenye kamusi ya kurasa 2,000, asiyejua mpango huo husema neno halimo, kumbe liko kurasa kadhaa mbele.

Istilahi za maneno mawili mara nyingi zimewekwa chini ya nomino. Aina zote za mkataba unaweza kuzikuta zimejipanga chini ya "mkataba", si chini ya kivumishi. Usipoipata kwa neno la kwanza, jaribu la pili.

Ukishafika, kidahizo kina sehemu zake. Kunaweza kuwa na tarehe neno lilipoanza kutumika, na lebo ya tawi la sheria, kama vile jinai, bima au bahari. Lebo hiyo isome kabla ya maana, kwa kuwa inakuepusha na nusu ya orodha. Halafu zinakuja maana zenye namba. Namba moja si "maana sahihi". Katika baadhi ya kamusi ni ya zamani zaidi, katika nyingine ni inayotumika zaidi, na kurasa za mwanzo zitakuambia. Mwishoni kuna virejeleo: "pia huitwa" ni kisawe, "tazama" inakuhamisha kwenye neno kuu, "linganisha" ndiyo yenye thamani kubwa, kwani inakutajia neno linalofanana ambalo watu huchanganya na hili. Ifuate kila mara. Tofauti ya maneno mawili hufundisha kuliko fasili ya moja.

Neno moja kwa karibu: mdhamini

Tuseme umepewa mkataba wa mkopo usaini. Kifungu cha 8 kinasema: "Wadhamini watawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake kwa deni lote la Mkopaji." Fasili ya mkataba inasema tu kwamba Mdhamini ni mtu aliyetajwa katika Jedwali la Pili. Hiyo imekupa jina, haijakupa maana. Sheria ya tafsiri haisemi kitu. Sasa ndiyo zamu ya kamusi.

"Mdhamini" ana maana zisizopungua nne: anayemwekea mshtakiwa dhamana mahakamani ili atoke, anayeahidi kulipa deni la mwingine, anayeshika mali kwa manufaa ya watu wengine, kama wadhamini wa taasisi, na anayefadhili mashindano au kipindi. Hati ni ya mkopo, kwa hiyo ya kwanza, ya tatu na ya nne zinaanguka. Wengi wangefunga kitabu hapo. Wewe fuata "linganisha".

Utaona kuwa ahadi ya kulipa deni la mwingine iko ya namna mbili katika sheria za asili ya Kiingereza. Kuna ahadi ya pembeni: nalipa *iwapo* mkopaji atashindwa, na deni lake likiwa batili, ahadi yangu kwa kawaida inaanguka nalo. Na kuna ahadi inayosimama yenyewe: nalipa kama mwenye deni, lake liwe halali au la. Sasa fanya jaribio la kupachika. Ondoa neno kwenye mkataba, weka fasili mahali pake, soma kila kifungu linamotokea. Kifungu cha 8 kinapita na fasili zote mbili. Kifungu cha 9 kinasema Mdhamini atawajibika "kana kwamba yeye ndiye mkopaji mkuu". Pachika ile ya kwanza: "mtu anayelipa iwapo mkopaji atashindwa atawajibika kana kwamba yeye ndiye mkopaji mkuu". Sentensi inajipinga. Pachika ya pili, inatulia. Huyu si mdhamini wa kukaa pembeni akingoja.

Bado kuna "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Nayo ni istilahi, ingawa inaonekana kama maneno matupu. Wadhamini wakiwa wawili, kila mmoja hudhani anabeba nusu. Kwa maneno hayo mkopeshaji anaweza kumdai mmoja deni lote, kisha huyo aliyelipa ahangaike mwenyewe kudai sehemu ya mwenzake. Unaona sasa kwamba kazi nzima ilifanywa na "linganisha" na jaribio la kupachika. Fasili ya kwanza uliyoiona haikutosha.

Mahakama zilisema nini

Kamusi si sheria. Mfano unaopendwa ni kesi ya Nix v. Hedden, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1893. Sheria ya ushuru ya 1883 ilitoza mboga na kuacha matunda, na mwagizaji wa nyanya akadai nyanya ni tunda. Kamusi zilisomwa mahakamani. Majaji walikubali kwamba kwa mtaalamu wa mimea ni tunda, lakini wakaamua kuwa katika lugha ya kila siku na ya biashara nyanya ni mboga, na ushuru ulipwe. Kuhusu kamusi walisema zinapokewa si kama ushahidi bali kama msaada wa kumbukumbu na uelewa wa mahakama. Unapojenga hoja juu ya fasili ya kamusi, huo ndio uzito wake.

Kwa hiyo ukikuta kesi imetajwa chini ya kidahizo, ifungue. Rejeo la kesi hiyo ni 149 U.S. 304: namba ya kwanza ni juzuu, herufi ni mfululizo wa taarifa za kesi, namba ya mwisho ni ukurasa inapoanzia. Katika marejeo ya Kiingereza, mwaka ndani ya mabano ya mraba ni sehemu ya anwani, bila huo hulipati juzuu. Mwaka ndani ya mabano ya duara unakuonyesha tu mwaka wenyewe, juzuu ina namba yake. Vifupisho usivyovijua vitafute katika faharasa ya bure ya vifupisho vya sheria ya Chuo Kikuu cha Cardiff.

Ndani ya uamuzi, uliza mambo mawili. Je, jaji alilazimika kuamua maana ya neno hili ili kumaliza kesi, au aliitaja kwa kupita tu? Ya kwanza inaweza kuzilazimu mahakama za chini kuifuata, ya pili inashawishi tu. Na je, uamuzi umepinduliwa, au kifungu kilichotafsiriwa kimefutwa? Kitabu kilichochapishwa hakiwezi kukuambia yaliyotokea baada ya kuchapishwa. Hilo uliangalie kwenye mkusanyo wa mtandaoni wa maamuzi wa nchi husika.

Ensaiklopidia za sheria

Ukiona fasili umeielewa lakini bado huoni neno linafanyaje kazi, acha kamusi. Ensaiklopidia inapangwa kwa mada, na mada moja inaeleza vipengele, masharti na ubaguzi wake. Halsbury's Laws of England, iliyoanza mwaka 1907, ndiyo mfano wa Uingereza. Anzia kwenye fahirisi, si kwenye juzuu. Fahirisi mara nyingi hukupeleka kwenye namba ya *aya*, si ya ukurasa, na kosa la kuchanganya hizo mbili limepotezea watu jioni nzima.

Kila juzuu hutaja sheria imeelezwa kama ilivyokuwa tarehe gani. Iandike. Kisha tafuta nyongeza. Vitabu vya Marekani vya namna hii mara nyingi vina mfuko ndani ya jalada la nyuma wenye kijitabu chembamba cha mabadiliko. Aya ileile uliyoisoma juzuuni itafute humo kwa namba yake. Mfuko ukiwa mtupu, usidhani hakuna mabadiliko. Huenda kijitabu kimepotea, au kimekuwa kinene mno kikachapishwa kivyake.

Kilatini, na maneno ya mapacha

Kutafsiri Kilatini neno kwa neno hakukupeleki mbali. *Habeas corpus* ni "uwe na mwili", na *affidavit* ni "ameapa". Hakuna kati ya hayo kinachokueleza kwamba la kwanza ni amri ya kumleta aliyezuiliwa mbele ya mahakama na la pili ni hati ya kiapo. Tafuta istilahi nzima kama kipande kimoja.

Sheria ya Kiingereza ilikulia katika Kiingereza, Kifaransa na Kilatini kwa pamoja, ndiyo maana hupenda mapacha kama *null and void*. Tafsiri za Kiswahili huyarithi: "batili na isiyo na nguvu". Mengi ni maana moja iliyosemwa mara mbili, hivyo usihangaike kuyatenganisha, isipokuwa kama hati imefasili kila moja peke yake.

Kamusi za lugha mbili

Hizi hukupa neno, hazikupi maana. Zitumie kwa kwenda na kurudi: tafuta neno la Kiswahili upate la kigeni, kisha lichukue la kigeni ulitafute upande wa pili. Likirudi neno jingine, hapo pana mushkili. "Hakimiliki" inalinda kazi ya ubunifu, "hatimiliki" ni karatasi ya umiliki wa ardhi. Herufi moja, mambo mawili, na watu huandika "hati miliki" kwa yote. "Mapitio" na "marejeo", majina ya njia za kuomba uamuzi uangaliwe upya, hubadilishana nafasi kutoka mwandishi mmoja hadi mwingine, kwa hiyo usiamue kabla hujaona neno la asili na kifungu kinachotoa mamlaka ya kuuangalia upya. "Msimamizi wa mirathi" si "mrithi": wa kwanza anakusanya mali, analipa madeni na kugawa, wa pili anapokea. Mtu mmoja anaweza kuwa vyote, lakini kuteuliwa msimamizi hakumpi mtu mali.

Kadi ya neno

Kila neno ulilolifanyia kazi liandikie kadi: sentensi yake, hati na tarehe yake, nchi, maana uliyoichagua, kitabu pamoja na toleo na mwaka, maana uliyoikataa na sababu ya kuikataa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo inayokuokoa ukirudi miezi mitatu baadaye.

Zikibaki maana mbili ambazo zote zinapita kwenye jaribio la kupachika, na tofauti yake ni fedha, ardhi, uhuru wa mtu au tarehe ya mwisho ya kufungua shauri, mpelekee wakili kadi hiyo. Usimuulize "neno hili lina maana gani?" Muulize: "Kifungu cha 9 kikisomwa hivi nadaiwa, kikisomwa vile sidaiwi. Mahakama za hapa zimekisomaje?"